Urithi, Mazingira na Akili ya Mwanadamu

Mwaka 1994 wasomi wawili wa Marekani, Richard Herrnstein na Charles Murray, walichapisha kitabu kiitwacho The Bell Curve. Walidai kwamba tofauti za akili kati ya watu hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na kwamba yaelekea urithi una sehemu pia katika tofauti ya alama kati ya Wamarekani weusi na weupe. Arthur Jensen alikwisha kutoa hoja ya namna hiyo mwaka 1969. Mjadala huu unagusa heshima ya Waafrika. Kwa hiyo yafaa tuipime hoja yenyewe.

Kwanza, tuangalie maana ya kurithika. Wataalamu wasemapo kwamba kimo hurithika kwa takriban asilimia 80, hawazungumzii kimo cha mtu mmoja. Maana yao ni kwamba katika jamii fulani, yenye mazingira fulani, sehemu kubwa ya tofauti za kimo kati ya mtu na mtu hutokana na tofauti za chembe za urithi. Mazingira yakibadilika, kipimo hicho nacho chaweza kubadilika.

Pili, kinachoeleza tofauti ndani ya kundi moja si lazima kieleze tofauti kati ya makundi mawili. Wakorea ni watu wa asili moja, waliogawanywa mwaka 1945. Baadaye watu wa Kusini walikuja kuwazidi kimo wenzao wa Kaskazini. Pengo hilo lililetwa na chakula na hali ya maisha, wala si damu.

Ndivyo ilivyo kwa vipimo vya akili. Mwaka 1987 James Flynn wa New Zealand alionyesha kwamba alama zilikuwa zimepanda katika nchi 14 kwa muda wa kizazi kimoja. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 waliwapita sana wale wa mwaka 1984. Chembe za urithi za jamii haziwezi kugeuka kiasi hicho kwa miaka 14. Watafiti walitaja elimu ya wazazi, ukubwa wa familia na lishe.

Hatusemi kwamba urithi si kitu. Uchunguzi wa karibuni umeonyesha kwamba maelfu ya chembe za urithi huhusika na akili, kila moja kwa kiasi kidogo mno. Lakini makadirio yaliyotokana na Wazungu hupoteza nguvu yatumiwapo kwa Waafrika, hivyo hayafai kuwa mizani ya kuyapima mataifa.

Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto wake waweza kudhurika. Mtoto huyo akifika darasani huitwa mzito wa kuzaliwa, ilhali chumvi yenye madini hayo ingalimkinga. Basi mwalimu au mchungaji aambiwaye kwamba watoto fulani hawana akili kwa asili yao, na aulize kwanza wamekula nini, na ni nani aliyewafundisha.