Pumzika Bila Kujilaumu: Somo Kutoka kwa Wapagazi wa Tabora

Mfanyabiashara mwenzangu, mara ya mwisho kuzima data siku nzima ilikuwa lini?

Wengi wetu tunaouza mtandaoni hatukumbuki. Mteja anauliza "bei gani?" saa sita usiku, tunajibu. Tuko msibani, jicho moja liko kwenye simu. Ukikaa nusu siku bila kuposti, moyo unakusuta: wenzako wanauza, wewe umelala tu!

Mimi nauza asali na karanga kutokea Kanyenye, hapa Tabora mjini. Mji huu ulikuzwa na misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kwenda Ujiji na kurudi na pembe za ndovu. Wapagazi Wanyamwezi walibeba mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja, kwa mguu, kwa miezi. Ungedhani watu hao walikuwa hawapumziki. Sivyo.

Waliondoka alfajiri, na jua lilipokuwa kali wakatua mizigo, wakapiga kambi. Msafara wa Burton na Speke ulipofika Tabora Novemba 1857, wapagazi walitawanyika kwenda makwao, na wageni wakakaa wiki kama tano kabla ya kuendelea. Msimu wa kilimo ukifika, wengi walibaki kulima, na wenye misafara walihangaika kupata watu. Waliopelekwa utumwani kwenye njia hiyohiyo hawakuwa na hiari ya kusimama. Mpagazi wa kulipwa alikuwa nayo, na aliitumia.

Sasa jiulize wewe, bosi wa biashara yako mwenyewe, hiyo hiari umempa nani?

Mwajiriwa ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Sisi tuliojiajiri hakuna ofisi ya kutuandikia barua ya likizo. Ndiyo maana tukipumzika tunajiona kama watoro. Barua hiyo jiandikie mwenyewe, hivi:

1. Chagua siku kwa daftari, siyo kwa hisia. Angalia mauzo ya mwezi uliopita. Siku yenye oda chache kuliko zote ndiyo yako. Kwangu ni Jumapili.

2. Ilipie kabla. Tuseme faida yako ni sh. 12,000 kwa siku. Tenga sh. 2,000 kila siku kwa siku sita. Siku ya saba, faida ya siku moja iko mkononi. Mara nyingi kinachotusuta ni hela, kwa hiyo anza na hela.

3. Mwambie mteja mapema. Jumamosi weka kwenye statasi: "Kesho tumefunga. Oda zote zitajibiwa Jumatatu kuanzia saa 2 asubuhi." WhatsApp Business inakuruhusu kuweka ujumbe unaojibu wenyewe ukiwa haupo. Mteja anachukia kupuuzwa. Akiambiwa lini atajibiwa, wengi husubiri.

4. Maliza mizigo kwanza. Kilicholipiwa kipande basi kabla ya siku yako. Usipumzike na hela ya mtu mfukoni, hutalala.

5. Siku ikifika, pumzika kweli. Kuhesabu stoo siyo kupumzika. Kuangalia kurasa za washindani pia siyo.

Wapo watakaokwenda kwingine, sikufichi. Lakini pima na upande wa pili: mtu aliyechoka hutuma mzigo wa Mwanza kwenda Mbeya, humjibu mteja kwa ukali, hukosea bei. Hasara hizo hatuziandiki kwenye daftari, ila tunazilipa.

Mpagazi alitua mzigo ili kesho aweze kuubeba tena. Fungua daftari lako leo, chagua siku, iandike.