Daktari mpya wa upasuaji huleta nini hospitalini?

Hospitali ya chuo kikuu inapopokea madaktari wapya wa upasuaji, habari hiyo kwa kawaida hupita kimya. Majina hutangazwa, picha ya pamoja hupigwa mbele ya jengo, na shughuli huendelea. Lakini kwa mgonjwa ambaye tarehe yake ya upasuaji imekwisha kuahirishwa mara tatu, hiyo si habari ndogo hata kidogo.

Sababu ni kwamba idara ya upasuaji katika hospitali ya aina hiyo, iwe Muhimbili mjini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Kenyatta mjini Nairobi au Mulago mjini Kampala, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inatibu, na papo hapo inafundisha. Daktari anayeongezeka hupunguza foleni ya leo, na akifundisha vyema hupunguza pia foleni ya miaka kumi ijayo.

Foleni isiyosonga

Wagonjwa wanaohitaji upasuaji ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni la dharura: aliyevunjika mguu katika ajali ya pikipiki, aliyepasukiwa na kidole tumbo, au ambaye utumbo wake umetoboka. Kundi la pili ni la wagonjwa wa miadi, wenye ngiri, uvimbe wa shingo au mawe katika nyongo, ambao hupangiwa siku yao.

Dharura hutangulia daima, na hakuna anayeweza kulipinga hilo. Tatizo huja pale idara inapokuwa na timu moja tu ya zamu. Kila dharura inayoingia usiku humsukuma mgonjwa wa miadi wa asubuhi, naye hurudi nyumbani na tarehe mpya mkononi, baada ya kufunga kula tangu jana yake.

Tuchukue mfano wa ngiri. Ikishughulikiwa mapema, upasuaji wake si mkubwa, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Ikiachwa, sehemu ya utumbo yaweza kunaswa ndani ya tundu la ngiri na kukosa damu. Utumbo huo ukifa, daktari hulazimika kufungua tumbo, kuikata sehemu iliyooza na kuunganisha iliyobaki.

Mgonjwa aliyekuwa wa miadi sasa amekuwa wa dharura, na yeye naye anamsukuma mwingine. Hivyo ndivyo foleni inavyojizalisha yenyewe.

Madaktari wapya wanapotosha kuunda timu ya pili, mambo hubadilika. Timu moja hupokea dharura, na nyingine huendelea na orodha ya siku bila kukatizwa. Na iwapo mmoja wao amebobea katika upasuaji wa watoto, wa njia ya mkojo au wa ubongo, wagonjwa ambao zamani walilazimika kusafirishwa hadi mji mwingine, au hadi India, huweza kutibiwa pale pale.

Mkono hufundishwa na mkono

Mtindo wa kuwafunza wapasuaji wodini, hatua kwa hatua, una historia ndefu. Aliyeupa sura inayojulikana leo ni William Halsted, mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1889 mjini Baltimore, Marekani. Madaktari wake vijana waliishi hospitalini na kukabidhiwa wajibu mkubwa zaidi kadiri walivyothibitisha uwezo wao. Mwaka 1904 aliueleza mfumo huo katika hotuba yake mashuhuri kuhusu mafunzo ya mpasuaji.

Msingi huo haujabadilika sana. Mwanafunzi wa ubingwa huanza kwa kutazama, kisha husaidia kushika vyombo, hushona ngozi, na baadaye hufungua na kufunga tumbo. Halafu hufanya operesheni nzima huku mkubwa wake amesimama upande wa pili wa kitanda. Mwisho kabisa huachwa afanye mwenyewe.

Mgonjwa anayejiuliza iwapo atapasuliwa na mwanafunzi ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Katika idara inayoendeshwa ipasavyo, dhamana ya kila operesheni hubaki mikononi mwa daktari bingwa.

Hapa ndipo ulipo mkwamo wenyewe. Darasani waweza kuongeza viti, na mhadhara mmoja ukasikilizwa na watu mia mbili. Kwenye kitanda cha upasuaji hakuna nafasi ya watu mia mbili. Idadi ya wanaoweza kufunzwa hutegemea idadi ya mabingwa waliopo kuwasimamia, kwa hiyo uhaba wa leo huzaa uhaba wa kesho.

Wala hakuna njia ya mkato. Nchini Tanzania, shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Ubingwa wa upasuaji ukichukua miaka 5 mingine, kijana aliyeanza chuo akiwa na miaka 20 atakuwa amefikisha 31.

Chuo kisicho na kuta

Ukubwa wa pengo ulionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Watafiti waliwahesabu wapasuaji 1,690 waliokuwa kazini, sawa na mpasuaji mmoja kwa takriban watu 190,000. Asilimia 64 yao walifanya kazi katika mji mkubwa wa biashara wa nchi yao, na wanawake walikuwa asilimia 9 tu.

Jawabu mojawapo lilikwisha kuanza mwaka 1999, ulipoundwa umoja wa mafunzo ya wapasuaji wa kanda hiyo, unaojulikana kwa kifupi kama COSECSA, wenye makao yake makuu Arusha. Huitwa chuo kisicho na kuta, kwa kuwa hauna jengo la mihadhara. Mwanafunzi hujifunza katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, ikiwa ya chuo kikuu, ya mkoa au ya misheni.

Kwa upasuaji wa jumla, mafunzo hayo ni miaka 2 ya msingi na miaka 3 ya ubingwa. Mitihani ya mwisho ni ya pamoja, na nchi wanachama huipokea kwa zamu. Aliyejifunzia Malawi hupimwa kwa kipimo kile kile anachopimwa aliyejifunzia Rwanda au Ethiopia.

Nani hubaki?

Swali ambalo wengi huliuliza, hasa waishio ughaibuni, ni hili: kuna faida gani kuwasomesha mabingwa ambao kesho watapanda ndege?

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia wapasuaji waliohitimu katika kanda hiyo kati ya mwaka 1974 na 2013. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Takriban asilimia 85 walikuwa bado wakifanya kazi katika nchi waliyojifunzia, na asilimia 93 walikuwa bado barani Afrika.

Hilo halina maana kwamba hakuna wanaoondoka. Maana yake ni kwamba mpasuaji aliyefunzwa nyumbani kwa kiasi kikubwa hubaki nyumbani, na kwamba fedha zinazotumika kumfunza hazimwagwi mchangani. Kazi iliyobaki ni kuwafikisha mabingwa hao nje ya miji mikubwa.

Kisu peke yake hakitoshi

Hata hivyo, mpasuaji mpya asiye na wenzake ni sawa na nahodha asiye na mabaharia. Anahitaji mtaalamu wa dawa ya usingizi, wauguzi wa chumba cha upasuaji, vyombo vilivyotakaswa, damu salama, hewa ya oksijeni na umeme usiokatika. Kimoja kikikosekana, bingwa hukaa bila kazi na foleni haisogei.

Tena timu ni zaidi ya orodha ya watu na vifaa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika kila upasuaji. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, ikiwamo London, Toronto na Ifakara nchini Tanzania. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Mojawapo ya mambo hayo 19 ni jepesi mno: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Kwa daktari aliyewasili juzi, hilo lina uzito wake. Muuguzi anayelijua jina la bingwa mpya huona wepesi zaidi kumwambia, "Daktari, subiri, kuna kitambaa kimoja hakijaonekana."

Kwa hiyo msomaji aliyeko Muscat, London au Minneapolis, anayepigiwa simu kuelezwa kwamba mzee wa nyumbani amepangiwa upasuaji, asiishie kuuliza gharama tu. Aulize pia ni nani atakayepasua, ni nani atakayesimamia dawa ya usingizi, na ni nani atakayemwangalia mgonjwa usiku wa kwanza. Idara yenye watu wa kutosha huwa na majibu ya maswali yote matatu.