Miksi aliyoikataa Marvin Gaye

Tangu mwaka 2001 wapenzi wa albamu ya What's Going On ya mwimbaji Marvin Gaye wana ugomvi usiokwisha. Mwaka huo, miaka 30 baada ya santuri ya kwanza kuingia madukani, kampuni yake ya rekodi, Motown, ilitoa toleo lililopanuliwa la diski 2. Mlikuwa na albamu yenyewe, nyimbo 9 za dakika 35 na ushei. Ikafuata albamu hiyo hiyo kwa mara ya pili, wimbo kwa wimbo, katika miksi (yaani mchanganyo wa sauti na ala zilizorekodiwa) ya awali iliyofanyika Detroit na kuwekwa kando kabla haijafika sokoni. Diski ya pili ikabeba onyesho ambalo Gaye alilifanya Washington, katika ukumbi wa Kennedy Center, tarehe 1 Mei 1972. Mwaka 2011, albamu ilipotimiza miaka 40, lilikuja toleo jingine kubwa zaidi, safari hii miksi ya Detroit ikiwa imepewa santuri yake peke yake. Wapo mashabiki waliosema kazi iliyokamilika haiongezwi kitu. Wapo waliosikia miksi ya Detroit wakatangaza kwamba hiyo ndiyo albamu ya kweli, na kwamba kwa miaka 30 ulimwengu ulikuwa umeuziwa nakala iliyopakwa rangi. Na wapo, pengine ndio wengi, waliofurahi tu kupata zaidi, bila kuuliza zaidi ya nini.

Makundi mawili ya kwanza yanastahili kujibiwa, kwa sababu yote mawili yanaipenda albamu hii kwa dhati na yote mawili, kwa maoni yangu, yanakosea kitu kimoja. Yanaiona albamu kama kitu kilichokuwepo tayari, ambacho kinaweza ama kuchafuliwa ama kufichwa. Toleo lililopanuliwa linaonyesha jambo tofauti: What's Going On ilichaguliwa. Kulikuwa na njia mbili zilizo wazi, zote nzuri, na mtu mmoja akachukua moja akaiacha nyingine. Bila ile iliyoachwa, uamuzi huo tungeusoma tu katika vitabu. Sasa tunausikia.

Ili uzito wa uamuzi huo ueleweke, lazima turudi kwenye mfululizo wa matukio. Wazo la wimbo unaobeba jina la albamu lilikuwa la Renaldo Benson, maarufu kama Obie, mwimbaji wa kundi la Four Tops, baada ya kuona polisi wakiwashambulia vijana katika mji wa Berkeley, California, Mei 1969. Wenzake katika kundi hawakuutaka wimbo wa namna hiyo. Akauendeleza pamoja na mtunzi Al Cleveland, kisha ukafika kwa Gaye, ambaye aliuongezea maneno na sauti akaufanya wake. Mdogo wake Gaye, Frankie, alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam na habari nzito. Tammi Terrell, mwimbaji mwenzake katika nyimbo za mapenzi zilizopendwa sana, alikuwa amefariki Machi 1970 kwa uvimbe wa ubongo. Wimbo ulirekodiwa Juni 1970, na Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, hakuupenda. Ulipotoka hatimaye Januari 1971 ukauzika kwa kasi, na hapo Gordy huyo huyo akataka albamu nzima, tena upesi. Nyimbo zilizobaki zikarekodiwa Machi. Mapema Aprili miksi ikawa tayari Detroit. Kampuni ingeweza kuipeleka kiwandani siku ile.

Gaye hakuridhika. Alikwenda Los Angeles, na mapema Mei, katika studio ya Sound Factory, akaichanganya albamu upya. Tarehe 21 Mei ilikuwa madukani. Tarehe hizi zina maana kubwa katika hoja yangu. Kampuni ilikuwa na haraka, wimbo wa kwanza ulikuwa bado moto sokoni, na kila wiki iliyopita ilikuwa hasara. Aliyefanya kazi ya pili chini ya shinikizo hilo hakuwa akijifurahisha kwa vitufe vya studio. Alisikia jambo katika miksi ya kwanza ambalo halikuwa alilolitaka, na akaona lina thamani ya kumsubirisha Gordy.

Jambo gani? Hapa ndipo toleo lililopanuliwa linapolipa gharama yake. Katika miksi ya Detroit muziki ni mkavu zaidi. Ngoma za mkono ziko mbele, gitaa la besi la James Jamerson linatembea waziwazi, na kila chombo kina pembe yake ambako unaweza kukinyooshea kidole. Okestra iliyopangwa na David Van DePitte iko mbali kidogo, kama watu wa chumba cha pili. Katika miksi ya Los Angeles okestra hiyo imesogezwa ikaingia ndani ya midundo. Fidla hazipambi tena, zinapumua pamoja na ngoma. Baadhi ya sauti za Gaye zilizosikika Detroit zimeondolewa, nyingine zimeingizwa. Nyimbo zinaungana hivi kwamba masikio hayatafuti mwanzo wala mwisho. Athari yake ni kwamba malalamiko ya albamu, juu ya vita, juu ya watoto, juu ya hewa na bahari zilizotiwa sumu, juu ya kodi na umaskini wa mjini, hayaji kama orodha ya matatizo. Yanakuja kama fikra moja ya mtu mmoja isiyoweza kukatika.

Chukua mfano wa sauti mbili za Gaye, ambazo leo zinatajwa kila anapotajwa. Inajulikana kwamba zilianza kwa bahati: alikuwa amerekodi uimbaji wa namna mbili ili achague mmoja, fundi mitambo Ken Sands akazicheza zote mbili kwa pamoja, na Gaye akasikia kitu ambacho hakuwa amekitafuta. Wengi wanasimulia kisa hicho kama ushahidi kwamba albamu kubwa huzaliwa kwa ajali. Miksi mbili zikiwekwa bega kwa bega zinasahihisha simulizi hiyo. Ajali ilitokea mara moja. Baada yake kulikuwa na kazi ya kuamua, mstari kwa mstari, sauti ipi iongoze, ipi ijibu, ipi inyamaze, na Gaye hakuona haya kuubomoa mpangilio uliokuwa umekwisha kukamilika ili aupange tena. Bahati ilimpa njia. Kuitembea ilikuwa kazi, na sasa hatua zake zinahesabika.

Wanaoamini kwamba miksi ya Detroit ndiyo ya kweli wana hoja yenye mvuto, tena si ya muziki peke yake. Los Angeles ndiko Motown ilikohamia moja kwa moja mwaka 1972, na wapiga ala wa Detroit, wale waliojiita Funk Brothers, wengi wao wakaachwa nyuma. Miksi iliyofanyika nyumbani mwaka mmoja kabla ya hapo ina harufu ya neno la mwisho la mji uliosalitiwa. Anayeipendelea anawatetea mafundi ambao kwa miaka mingi walipiga karibu kila wimbo uliowika bila majina yao kuandikwa popote. Naiheshimu hisia hiyo. Lakini ushahidi hauendi nayo. Wapiga ala ni wale wale katika miksi zote mbili. Hakuna mtu wa Los Angeles aliyeletwa kuchukua nafasi ya Jamerson. Na ilikuwa ni albamu hii, iliyotoka katika miksi ya Los Angeles, ambayo jalada lake liliwataja wapiga ala hao kwa majina, jambo ambalo Motown haikuwa imelifanya kabla. Kusema kwamba ukavu ni ukweli na ulaini ni uongo ni kuleta kipimo kutoka nje. Gaye alikuwa anaandika sala na mashtaka kwa wakati mmoja, na sala aliitaka laini.

Hapa Afrika Mashariki pia kulikuwa na wakati ambapo soul ilipimwa kwa kipimo kutoka nje. Mwishoni mwa 1969 muziki huu ulipigwa marufuku Dar es Salaam, ukihesabiwa utamaduni wa kigeni unaopotosha vijana. Mwaka na nusu baadaye ikatoka albamu hii, iliyojadili vita, umaskini na mazingira kwa uzito ambao hata wanasiasa wa wakati ule wangeutambua.

Pingamizi la kundi la kwanza ni zito zaidi, na linahusu haki. Msanii alikataa miksi hii. Alifariki tarehe 1 Aprili 1984, akipigwa risasi na baba yake mzazi, na hakuna aliyemuuliza kama angetaka tusikie alichokiacha. Kwa nini basi kukitoa? Jibu langu lina masharti. Miksi ya Detroit ilifanywa na watu wa wakati ule, kwa kanda za wakati ule, na Gaye aliisikia. Ni hatua halisi ya kazi yake. Toleo la 2001 liliiweka baada ya albamu, likaiita kwa jina lake, wala halikudai kuchukua nafasi ya ile inayojulikana. Msomi wa mashairi akichapisha rasimu ya mshairi pamoja na shairi lililokamilika, hamvunjii heshima, mradi aseme ipi ni rasimu. Ila kuna mstari, na mwaka 2019 ulivukwa. Mwezi Machi mwaka huo, siku chache kabla ya siku ambayo Gaye angetimiza miaka 80 kama angekuwa hai, ilitoka You're the Man, albamu iliyokusanywa kutokana na rekodi zake za mapema miaka ya 1970, na nyimbo 3 zikiwa zimechanganywa upya na prodyuza Salaam Remi. Rekodi zilistahili kusikika. Miksi hizo mpya, kwa upande mwingine, hazituambii lolote kuhusu uamuzi wa Gaye, kwa kuwa aliyeamua ni mtu mwingine karibu nusu karne baadaye. Shabiki aliyelalamika kuhusu hizo alikuwa na haki yake.

Kuna pingamizi la pesa pia, nalo halina haja ya maneno mengi. Ndiyo, kampuni zinauza kitu kile kile mara tatu, nne. Mpenzi mwaminifu ndiye anayelipa kila mara, na wakati mwingine anacholipia ni kasha na picha. Toleo la 2011 liliongeza rundo la ala tupu ambazo mtu huzisikiliza mara moja tu. Hasara nyingine haitajwi sana na inaniumiza zaidi: albamu hii ina mwisho wake. Inner City Blues, wimbo wa mwisho, unarudia sauti za wimbo wa kwanza na kuufunga mduara. Katika huduma za muziki za mtandaoni toleo lililopanuliwa linaendelea bila kupumua, na mduara ule unakatwa na wimbo wa ziada kabla msikilizaji hajajua kwamba amefika mwisho. Kijana anayekutana na albamu kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo hajaisikia kama ilivyoundwa. Kosa hilo si la kanda za ziada, ni la mpangilio, na wenye kampuni wanaweza kulirekebisha leo wakitaka.

Onyesho la Kennedy Center ndilo linalonifanya nisikubali kwamba nyongeza zote ni mabaki. Gaye alikuwa amekaa mbali na jukwaa kwa muda mrefu baada ya Terrell kuugua. Washington ndio mji aliozaliwa, na siku ile ilitangazwa kuwa siku yake. Alianza na nyimbo zake za miaka ya 1960 zikiwa zimeunganishwa, zile za kijana aliyetengenezwa na kampuni, ndipo akaingia katika What's Going On. Na alizirudia baadhi ya nyimbo: wimbo wenye jina la albamu na Inner City Blues zote zinasikika mara mbili. Mashabiki wengine wanaona huko ni kuyumba. Mimi nasikia mtu yule yule wa Mei 1971, aliyerudi studio wakati kila mtu alidhani kazi imekwisha. Kwamba okestra na sauti zilizopangwa kwa uangalifu studio zilikuwa ngumu kubeba jukwaani ni dhahiri katika rekodi hiyo, na ugumu huo unathibitisha tena kwamba kile kilichotoka Los Angeles hakikujipanga chenyewe.

Anayeanza sasa na aanze na nyimbo 9 za kwanza, azime muziki Inner City Blues inapokwisha, azirudie siku nyingi kabla ya kugusa kitu kingine. Akishazijua kiasi cha kujua sauti ipi inakuja kabla haijafika, aifungue miksi ya Detroit, aanzie Mercy Mercy Me, na afuatilie fidla ziko wapi.