Fahamu: Asteroidi zinazoota mkia

Mwaka 1996, wanaastronomia Eric Elst na Guido Pizarro waliona mkia wa vumbi kwenye asteroidi iliyokuwa imejulikana tangu 1979. Lilikuwa jambo la ajabu. Asteroidi za ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii zilidhaniwa kuwa miamba mikavu. Mkia ni wa kometi, magimba ya barafu yatokayo mbali.

Mkia huo ulitoweka, ukarudi 2002, kisha 2007, gimba lilipokuwa karibu zaidi na Jua. Kwangu, huko kurudi ndiko kunakoshawishi kuliko yote: mgongano hutokea mara moja, joto linalogeuza barafu kuwa mvuke hurudi kila mzunguko. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ikathibitisha mvuke wa maji kwenye kometi Read, mkazi wa ukanda huohuo.

Si zote huota mkia kwa sababu ya barafu. Asteroidi Scheila ilitimua vumbi mwaka 2010 baada ya kugongwa.

Kuzinasa asteroidi za aina hii kunataka subira. Darubini hufuata mwendo wa asteroidi, picha nyingi zikajumlishwa. Nyota hugeuka michirizi, na ukungu hafifu unaoizunguka asteroidi, kama upo, ndipo hujitokeza.