Kwa nini wanafunzi wapya wa Bujumbura hupotea kabla ya somo la kwanza

Kijana wa mtaa wa Asiatique huijua Bujumbura ya chini nje ndani: bandari, Buyenzi yenye barabara za namba, hata lilipokuwa soko kuu lililoteketea Januari 27, 2013, ambalo watu wangali wakielekezana kwalo kana kwamba bado limesimama. Siku anapokwenda kujiandikisha Chuo Kikuu cha Burundi, ujuzi huo haumfai kitu.

Chuo hicho hakina lango moja. Kilianza mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, na katika miaka ya 1970 kikaunganishwa na shule nyingine za juu. Kampasi zake zimetawanyika jijini. Ile ya Kiriri, juu mlimani, ilikuwa shule ya mapadri Wajesuti enzi za Wabelgiji; Mutanga ndiko uliko uongozi mkuu; na madaktari watarajiwa husomea Kamenge, upande wa kaskazini. Majina hayo ni ya mitaa kwanza, ya chuo baadaye. Ukimwambia dereva wa teksi "Mutanga" bila kuongeza neno, ana haki ya kukushusha Mutanga Kaskazini au Mutanga Kusini, mbele ya nyumba ya mtu asiyekujua.

Kamenge ndiko kwenye vichekesho zaidi. Kitivo cha tiba ni jirani wa hospitali ya chuo, ambayo wakazi huiita Roi Khaled, kwa jina la Mfalme Khaled wa Saudi Arabia. Anayeuliza njia ya kwenda huko hupewa pole kwanza, kisha huulizwa nani mgonjwa. Akishavaa koti jeupe mambo hugeuka: jamaa za wagonjwa humwuliza yeye iliko wodi ya wazazi, naye hata darasa lake hajaliona.

Lugha nayo huongeza chumvi. Vibao ni vya Kifaransa, mlinzi hujibu kwa Kirundi, na aliyelelewa katika Kiswahili huhofia kwamba akifungua kinywa tu ataonekana mgeni. Basi hunyamaza, akafuata kundi; kundi lenyewe, mara nyingi, ni la wapya wenzake. Wakongwe wanalijua hilo, na wapo wanaomwelekeza mtu vyooni huku wakiapa kwamba ndiko kwenye ofisi ya uandikishaji. Utani huo ni wa jadi, lakini haulingani kwa wote. Mwenye kaka aliyemtangulia chuoni hucheka, akapiga simu. Aliye wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wao hana wa kumpigia, na ofisi hufungwa saa ile ile kwa wote wawili.

Mara nyingi mwelekezaji bora ni mpiga fotokopi au mwuza karanga wa nje ya geti. Riziki yake imo katika kujua nani anaingia wapi, na Kiswahili cha biashara anakielewa vizuri.