Ukingo Imara, Mtoto Salama

Haydom ni mahali pa baridi. Tuko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ifikapo Juni na Julai upepo wa alfajiri hupenya hadi mifupani. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, hupokea akina mama Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe, na wengine hutoka mbali. Kila anayejifungua anahitaji kitu cha kumfunika mwanawe njiani na nyumbani.

Kwa sababu hiyo sisi akina mama wa usharika, baadhi yetu wauguzi, tulianza kukusanya vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Tuliviunga tukashona mablanketi ya viraka: juu viraka, katikati kipande cha blanketi kuukuu lililofuliwa, chini kitambaa laini.

Kosa letu

Mwanzoni tulijali uso wa blanketi tu, rangi zipatane na viraka vilingane. Ukingo tuliukunja na kuupitisha cherehani mara moja, haraka haraka, ili tumalize mengi. Siku ya kuyagawa yalipendeza. Baada ya kufuliwa mara chache, mishono ya ukingoni ilifumuka na nyuzi zikaanza kuning'inia.

Mama mmoja tuliyempa akatujia na hofu. Mtoto alikuwa amelia usiku kucha na kukataa ziwa. Tulipomvua soksi tuliona uzi umejiviringisha kwenye kidole cha mguu, nacho kimevimba. Tuliukata taratibu, na tunamshukuru Mungu kidole kilipona. Lakini uzi ule ulitoka kwenye blanketi letu. Tulikuwa tumempa zawadi, na zawadi hiyo ikamuumiza mwanawe.

Mama, jambo hili lijue. Uzi au unywele ukijifunga kidoleni huzuia damu isipite, na ukiachwa kidole chaweza kufa. Mtoto akilia bila kunyamaza na huoni sababu, mkague vidole vyote vya mikono na miguu. Wa kiume mtazame na sehemu za siri. Ukiona uvimbe au rangi imebadilika, na uzi umezama, usichokonoe kwa wembe. Mkimbize kituo cha afya.

Jinsi tunavyoshona sasa

Siku hizi kila blanketi letu linavishwa mkanda wa kitambaa kuzunguka kingo zote, ili ncha za nyuzi zifungiwe ndani. Cherehani ya miguu inatosha. Tumia sindano namba 16 kwa kuwa tabaka ni nene, na mshono wa urefu wa milimita 3.

1. Fua kwanza vitambaa vyote vya pamba ili virudi na vichuje rangi kabla ya kushonwa.

2. Blanketi la sentimita 90 kwa 90 lina mzunguko wa sentimita 360. Ongeza 30 za kuungia. Kata vipande 4 vya upana wa sentimita 6 na nusu, kutoka ukingo hadi ukingo wa kitenge. Viunge kwa mshazari, maana kiungo cha mshazari hakifanyi nundu. Ikiwa pembe za blanketi ni za mviringo, mkanda wote ukatwe hanamu, ndipo utakapopinda vizuri.

3. Kunja ncha ya mwanzo kwa ndani sentimita 1. Kisha kunja mkanda mzima katikati kwa urefu wake na uupige pasi.

4. Weka mkanda upande wa nyuma wa blanketi, ncha zake zilizo wazi zilingane na ukingo. Anza katikati ya upande mmoja, si kwenye pembe. Acha sentimita 8 za mwanzo bila kushona, kisha shona milimita 8 kutoka ukingoni.

5. Ukifika pembeni, simama milimita 8 kabla ya mwisho, rudisha mshono kidogo, ondoa sindano. Geuza blanketi. Kunja mkanda kwenda juu ufanye mshazari, kisha urudishe chini ulingane na upande mpya. Anza tena kushona kutoka juu kabisa.

6. Ukirudi ulikoanzia, kata mkanda ubaki na sentimita 3 za ziada, uingize ndani ya ule wa mwanzo, kisha malizia mshono.

7. Geuza mkanda uje mbele, ufunike mshono wa kwanza. Ubane kwa pini na ushone milimita 2 kutoka kwenye mkunjo. Mshono huu wa mwisho unaushona ukiuona, ndiyo maana tulianzia nyuma. Nenda polepole, na usivute blanketi. Liache cherehani ilisukume lenyewe.

Kabla ya kutoa

Kata nyuzi zote zinazoning'inia na uchomoe kila pini, ukizihesabu. Vuta ukingo kwa vidole pande zote. Fua blanketi, likikauka livute tena. Likifumuka mahali popote, lirudi cherehanini. Nawe uliyelipokea, likague kila unapofua.

Tena, blanketi lisifunike uso wa mtoto. Aliyezaliwa njiti, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, joto lake bora ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri huduma hiyo ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Blanketi lije juu yao wote wawili.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Sisi tunajiuliza: wakituonyesha kazi ya mikono yetu siku ile, kingo zitakuwa zimeshika? Tangu siku ya uzi ule tunashona mablanketi machache zaidi kwa mwezi, wala hatuoni haya. Bwana aibariki mikono yenu.