BANGO LA SINEMA HUMWITA NANI?

Wengi hudhani kwamba bango la sinema ni pambo la ukutani tu. Sivyo. Bango ni mpiga mbiu. Huonwa kwa muda wa mtu kupita njiani, na katika muda huo mfupi halina budi kumweleza mambo matatu: habari hizi ni za nani, zatokea wapi, na je, zamfaa yeye apitaye? Hilo la tatu ndilo gumu, nalo ndilo nitakalolisema zaidi.

Nianze na bango moja mashuhuri, la filamu ya Marekani iitwayo Jaws, iliyotoka mwaka 1975. Picha yake ilichorwa na Roger Kastel kwa ajili ya jalada la kitabu cha Peter Benchley, ambacho ndicho asili ya hadithi, kisha wenye filamu wakaichukua. Juu, mwanamke aogelea. Chini yake papa mkubwa apanda kutoka kilindini, kinywa wazi, meno nje. Hakuna zaidi, ila maji na jina la filamu kwa herufi nyekundu. Katika filamu yenyewe wapo wanaume watatu wanaomwinda papa huyo, yaani polisi, mtaalamu na mvuvi, nao ndio tunaokaa nao muda mrefu. Lakini bangoni hayumo hata mmoja. Mchoraji amekwisha kuamua kwamba mhusika mkuu ni samaki. Mji wa pwani nao haumo, maana bahari yatosha: mtu yeyote aliyewahi kuogelea, hata ziwani kwetu, ajua hofu ya kutojua kilicho chini ya miguu yake. Tena sisi twamwona papa, mwanamke hamwoni. Twatamani kumpigia kelele, na hapo tumekwisha kunaswa.

Tazameni pia ukubwa. Papa wa filamuni asemwa kuwa na urefu wa futi 25. Wa bangoni, ukimlinganisha na yule mwanamke, ni mkubwa kupita kiasi. Ni uongo, lakini uongo ambao mtazamaji ameuzoea na huusamehe.

Wachoraji wa Ghana waliujua uongo huo vizuri sana. Katika miaka ya 1980 watu walizunguka mijini na vijijini wakiwa na televisheni, mashine ya video na jenereta, wakaonyesha filamu kwa kiingilio. Mabango yao yalichorwa kwa mkono, kwa rangi za mafuta, juu ya magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja, kwa sababu kitambaa hicho huvumilia kukunjwa na kusafirishwa kutoka mji hata mji. Mara nyingine mchoraji hakuwa ameiona filamu. Basi damu, nyoka na mashetani aliyoyatia bangoni pengine hayakuwamo filamuni kabisa! Mimi siwalaumu. Walimjua mteja wao, mtu aliyechoka na kazi ya mchana, mwenye fedha kidogo, atakaye kuona ajabu.

Lakini kuna ukubwa mwingine ambao si rahisi kuusamehe. Mwaka 2013 ilitoka filamu ya 12 Years a Slave, nayo ni habari ya kweli ya Solomon Northup, mtu mweusi huru wa jimbo la New York, aliyetekwa mwaka 1841 akauzwa utumwani. Northup aliigizwa na Chiwetel Ejiofor. Bango la Marekani lilimwonyesha yeye, akikimbia. Huko Italia yakatolewa mabango mengine: moja lilijaa uso wa Brad Pitt, mzungu ambaye katika filamu ile huonekana kwa muda mfupi tu, na Ejiofor akawa mtu mdogo akimbiaye chini. Watu walilalamika, mabango yakaondolewa. Aliyeyatengeneza hakukosea kuhusu hadithi, aliijua. Alichokifanya ni kukisia kwamba Mwitalia hatalipa kiingilio ili atazame maisha ya mtu mweusi. Mwaka 2015 filamu ya Star Wars ilipotangazwa China, John Boyega, kijana wa London ambaye wazazi wake ni Wanigeria, naye alipunguzwa sana bangoni.

Siku hizi bango hutazamwa zaidi kwenye simu, nalo ni dogo kama stempu. Mandhari hutupwa, ubaki uso mmoja. Mwaka 2017 kampuni ya Netflix, ionyeshayo filamu kwa intaneti, ilieleza kwamba filamu moja huweza kupewa picha nyingi, na kila mteja huonyeshwa ile inayodhaniwa itamvuta, kwa kuangalia aliyokwisha kuyatazama. Mwaka uliofuata baadhi ya wateja weusi wa Marekani walilalamika: picha ziliwaonyesha waigizaji weusi, kumbe katika filamu watu hao walionekana dakika chache tu. Kampuni ikajibu kwamba haiulizi rangi ya mteja. Huenda ni kweli. Hata hivyo hila ni ile ile ya Italia, imegeuzwa tu. Tofauti ni kwamba bango la ukutani huonwa na wote, na likipotoka wote hulijadili. Hili la simuni kila mtu ana lake, na jirani yake aliyeketi kando anaonyeshwa jingine.